Paka wa Ng'ambo

Mahurunga,
12 Machi 1972

Mama Mdogo Mwajuma,

Jambo hili sijamwambia mtu, na ninaliandika mwanzo kabisa kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na kuliacha. Kila asubuhi nikiamka natamani dada Somoe awe ameondoka. Simtakii mabaya. Natamani tu nitazame upande wake nione mkeka umekunjwa na yeye hayupo, na Bibi aniite mimi.

Sasa nimekwisha kusema. Shikamoo Mama Mdogo. Nifikishie shikamoo kwa Baba Mdogo Omari pia. Unisamehe kwa kuanza barua vibaya, mwalimu wetu angeichana.

Sisi huku tuko hai. Mvua haijakatika tangu mwezi uliopita, bonde lote la mto limejaa maji, ila mpunga wa Bibi umesimama vizuri isipokuwa upande wa chini. Miguu yake bado inavimba. Mimi niko nyumbani tu. Nilipokuja kwako Januari sikutaka tuzungumze habari ya mtihani, na wewe ukaniacha, nikashukuru. Mwalimu alisoma majina manne ya waliochaguliwa sekondari, yote ya wavulana, akakunja karatasi. Watu walinipa pole siku moja, siku ya pili wakanipa jembe.

Somoe alifika siku chache baada ya mimi kurudi kutoka kwako. Alivuka mto akikimbia vita vya kwao. Alikuwa na kanga aliyoivaa, chungu kidogo, na ndani ya chungu mtoto wa paka ambaye anamwita Kiberiti kwa udogo wake. Mama Mkubwa alitangulia na watu wengine wakapoteana njiani, mpaka leo hajulikani alipo. Bibi alipoambiwa kwamba huyu ni mtoto wa Mama Mkubwa, alimshika uso kwa mikono miwili akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema, "Macho ya mwanangu haya." Mimi nimekaa naye tangu Mama afariki na sijawahi kuambiwa nina macho ya mtu.

Zamani Bibi alikuwa akiniita mimi mke mwenzake, akinitania kwamba Babu alinioa mimi ningali mbelekoni na yeye akaachwa na mkeka wake. Siku hizi nikisikia "Mke mwenzangu, njoo unikande miguu," nasimama, kumbe anayeitwa ni Somoe. Nakwenda mtungini kunywa maji, ili ionekane nilisimama kwa kiu.

Jambo jingine ni paka wetu. Unawajua wote: Bi Kizee, wanawe wawili, Chumvi, na Karani wangu, yule wa kahawia aliyekuwa akilala juu ya madaftari yangu. Wote watano wanaumwa. Wanapiga chafya, macho yanatoka matongo mpaka yanagandana, hawataki kula. Mmoja wa wana wa Bi Kizee alikufa Jumatano. Panya nao wamejua. Wameingia kwenye ghala la makopa ya muhogo, wanakula hata mchana watu wakiwepo. Bi Asha jirani, ambaye paka wake naye ameanza, anasema ugonjwa umevuka mto ndani ya chungu.

Wewe unafua mashuka hospitalini na unawajua madaktari. Tafadhali tuulizie dawa. Na kama kwako kuna nafasi, hata ya kulala jikoni, nitakuja. Najua kufua.

Mwanao,
Mwanahawa Issa

Siku hizi Karani analala kwa Somoe. Sikutaka kuliandika hilo.

*

Mtwara,
29 Machi 1972

Mwanangu Mwanahawa,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana, pembe moja imelowa. Dereva wa lori anasema walikwama siku tano. Sisi wazima. Meli ya mwisho ya korosho imeondoka, bandarini vibarua ni wachache, kwa hiyo baba yako mdogo anashinda nyumbani akinifundisha kupika. Mwambie Bibi namwamkia, na vile viatu vya mpira nimemnunulia, vitakuja na mtu.

Pole kwa shule. Nilitaka kukwambia ulipokuwa hapa.

Sasa paka. Madaktari niliona haya kuwauliza. Nilikwenda kwa Bwana Erasto wa mifugo, mtu wa Songea, ambaye mkewe aliwahi kulazwa kwetu. Nilidhani atanicheka, hakucheka. Anasema ni mafua ya paka, binadamu hayampati, na sindano yake hapa hakuna. Kazi ni kutenga na kusafisha. Nilipomsikiliza nikaona ni yale yale tunayoyafanya sisi wodini watoto wakiingia na surua. Basi soma vizuri, na umsomee Bibi.

Wagonjwa wakae chumba kimoja na wazima kingine, wasionane hata mlangoni. Kila mmoja awe na chombo chake cha chakula na chake cha maji. Lile sinia la Bibi ambamo wote wanakula pamoja likae kwanza. Asubuhi mwanze na wazima, wagonjwa mwisho, na anayewahudumia hawa asiwaguse wale. Mkitoka kwa wagonjwa naweni kwa sabuni mpaka viwikoni na mbadili kanga. Vitambaa vichemshwe. Hapa kazini tuna mapipa mawili, na atakayechanganya nguo za pipa hili na lile harudi kesho yake. Macho yasafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa, jicho moja pamba moja, ukishaipitisha usiirudishe. Pua ikiziba paka hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Mpashieni samaki moto anukie, mlisheni kwa kidole. Na aliyepona asirudi haraka kwa wenzake. Anaweza kuonekana mzima na bado akagawa.

Bwana Erasto aliuliza swali nikashindwa kujibu. Paka gani mgeni aliingia nyumbani, tarehe ngapi, na wa kwanza kuumwa alikuwa nani, tarehe ngapi? Anasema ugonjwa huu hauanzi wenyewe, lazima kuna aliyeuleta. Niandikie tarehe hizo nimpelekee.

Ni mimi mama yako mdogo,
Mwajuma

*

Mahurunga,
20 Aprili 1972

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata tarehe 11, maji yalikuwa yamekata njia. Bibi anakupa marahaba, na anauliza huyo mtu wa viatu anatembea kwa miguu? Nyumbani hatujambo. Mpunga wa upande wa chini umeoza, wa juu umeanza kuinama. Nguruwe wanakuja, tunalinda kwa zamu.

Barua yako nilimsomea Bibi siku ile ile, nikimwambia kila neno ni la bwana mifugo.

"Kila mmoja chombo chake?" akauliza. "Wamekosana nini?"

"Hawajakosana, Bibi. Wanaambukizana."

"Nimelea watoto wangu wote kwenye sinia moja. Katika nyumba hii aliyekula peke yake ni afisa kutoka bomani, na hakushiba. Paka wangu wana cheo gani?"

Nilimsomea mara ya pili polepole, na mara ya tatu kwa sauti kubwa, kana kwamba shida ni masikio. Alikataa. Alisema kuwatenga ndugu wakati mmoja anaumwa ni kumwambia kwamba mmekwisha kumzika.

Somoe alikuwa uani anapeta mchele. Hajui kusoma hata jina lake. Akasema bila kuinua uso, "Bibi, mwali akiwekwa ndani si hula peke yake? Na hatoki, na haonani na watu. Mbona hakuna anayesema ametengwa?"

Bibi akageuka akamtazama.

"Analindwa tu," Somoe akasema, akaendelea kupeta.

"Haya," Bibi akasema. "Basi wawekeni ndani." Akainuka mwenyewe na miguu yake ile, akaleta vifuu vya nazi kimoja kimoja kutoka jikoni viwe vyombo vyao, akatandika mkeka safi katika chumba cha Babu. Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeenea. Bi Asha akapita akauliza kwa sauti ya barabarani ngoma ya kuwatoa hao wanawali itapigwa lini, apeleke kanga zake kwa dobi.

Mimi nilikuwa na barua yenye maneno ya bwana mifugo na hospitali. Yeye alikuwa na ungo tu.

Kisha Bibi akagawa kazi. Mimi nikapewa waliokwisha kupona, kwa sababu najua kuhesabu siku. Somoe akapewa wagonjwa, kwa sababu ana mikono myepesi. Karani yuko kwa wagonjwa. Kwa hiyo anayemsafisha macho ni Somoe, anayemlisha samaki kwa kidole ni Somoe, na mimi siruhusiwi kuingia, kwa sheria ambazo nilizisoma mwenyewe mara tatu. Namsikia akikoroma kwa raha upande wa pili wa ukuta.

Mtoto wa pili wa Bi Kizee amekufa. Bi Kizee mwenyewe anakula. Chumvi bado hajulikani. Kiberiti wa Somoe aliugua wa mwisho kabisa, na kwa muda mfupi, lakini hilo watu hawalisemi. Wanamwita paka wa ng'ambo. Paka wa Bi Asha amekufa, na wa nyumba mbili nyingine, na panya wametoboa vilindo vya mbegu vya watu. Bi Asha alikwenda kwa Mzee Salumu, balozi wetu wa nyumba kumi. Mzee Salumu akaja, akakaa barazani, akakataa chai.

"Huyu binti ni mjukuu wako, nami nilinyamaza kwa ajili yako," akamwambia Bibi. "Lakini aliyevuka mto anatakiwa aandikishwe na aende kambini na wenzake. Hiyo ndiyo amri. Sasa nyumba tisa zinanijia na mbegu zao. Kwanza walisema paka azamishwe. Sasa wanasema na mwenyewe aondoke. Tuvune, halafu nitalazimika kutengeneza karatasi ya kumpeleka."

Bibi hakula siku ile. Somoe alichukua Kiberiti akakaa naye nyuma ya nyumba.

Tarehe ulizouliza sikuziandika mahali. Ni mambo ya siku nyingi kidogo.

Hukunijibu kuhusu kuja kwako. Na katika barua yako yote hukuandika jina la Somoe hata mara moja, ingawa ni mtoto wa dada yako.

Mwanao,
Mwanahawa

*

Mtwara,
9 Mei 1972

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru Bibi anakula, kama kweli anakula. Baba yako mdogo alibanwa kidole na kamba ya winchi bandarini, kinapona, ila analalamika kama aliyekatwa mkono. Viatu vimeondoka na mke wa mwalimu, si mtembea kwa miguu.

Umefanya kazi nzuri na paka, nimemsimulia Bwana Erasto habari ya mwali, akacheka mpaka akavua miwani. Lakini ameuliza tena tarehe.

Wewe ni mtoto uliyekuwa na daftari la kuku gani kataga yai siku gani. Unaniambia hukuandika. Basi mimi nakumbuka moja. Uliondoka kwangu Jumatatu, tarehe 17 Januari, nilikuwa na likizo ya siku moja nikakusindikiza kituoni. Ulikuwa na kapu la ukindu limefunikwa kanga. Utingo alitaka kulipandisha juu ya basi, ukalikumbatia, ukakaribia kulia. Nilidhani umebeba mayai. Siku mbili kabla ya hapo ulikuwa ukishinda bandarini kwenye maghala ya korosho ukimngojea baba yako mdogo, na paka wa kule unawajua walivyo.

Sikuulizi kitu. Nakwambia tu kwamba nakumbuka.

Umeniuliza juu ya jina. Mama yake na mimi hatukuagana alipovuka mto kuolewa. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akikanda miguu ya Bibi. Hapo nitaishia.

Nafasi kwangu ipo, na si jikoni. Lakini nitakuita siku ambayo hutakuwa unakimbia kitu.

Mwajuma

*

Mahurunga,
18 Juni 1972

Mama Mdogo,

Shikamoo, na pole kwa kidole cha Baba Mdogo. Viatu vimefika, Bibi anavivaa mpaka ndani. Tumemaliza kuvuna. Tumepata magunia sita, mwaka jana yalikuwa tisa. Usiku kumeanza baridi ya mtoni.

Nimekaa na barua yako wiki nne. Mwanzoni nilijiambia ni mavuno, lakini mavuno yalikwisha tarehe 3. Ulisema huniulizi, na ndiyo maana nimeshindwa.

Kapuni alikuwemo mtoto wa paka mweusi, hajai kiganja. Nilimkuta amekaa juu ya gunia tupu ghalani, macho yamegandana, na nilipopita akanipandia mguuni. Wiki ile nilikuwa nimetoka kusikia majina manne yakisomwa. Nikaona huyu hana mtu mwingine duniani ila mimi. Bibi alikwisha kusema paka watano wanatosha, kwa hiyo nilimficha kwenye banda la kuku la zamani. Nilikuwa nikimpelekea chakula kutoka kwenye sinia la paka, na alichokibakiza nikikirudisha sinia lile lile, kwa sababu katika nyumba hii chakula hakitupwi. Karani alikuwa akinifuata kule kila siku. Walikuwa wakirambana.

Tarehe zako ni hizi. Yeye aliingia 17 Januari. Somoe alifika 22 Januari, Jumamosi, na Kiberiti akiwa mzima, anaruka. Wangu alikufa tarehe 25, nikamzika nyuma ya banda. Tarehe 27 Karani akapiga chafya. Zote nilikuwa nimeziandika. Nilichana ukurasa.

Sikujua mwanzoni, naapa. Nilijua niliposoma barua yako. Nilipokuwa namsomea Bibi nikafika kwenye swali la Bwana Erasto, nikaliruka. Nilimsomea mara tatu, na mara zote tatu nililiruka.

Kutenga kumefaa. Tangu tarehe 10 Mei hakuna aliyepiga chafya. Tumebaki na Bi Kizee, Chumvi, Kiberiti na Karani, ambaye jicho moja limekuwa jeupe. Somoe anasema tungoje wiki nyingine mbili kabla hatujawaachia wachanganyike na paka wa jirani. Anakumbuka maneno ya barua yako kuliko mimi niliyeyasoma.

Lakini Mzee Salumu amekwisha kutengeneza karatasi. Lori la kambini litapita Jumatatu, tarehe 26. Somoe amekwisha kufua kanga zake. Bibi anamfundisha jinsi ya kutafuta Mama Mkubwa kambini, amuulize nani, ataje ukoo gani, anarudia maneno yale yale asubuhi na jioni.

Zimebaki siku nane. Nikinyamaza siku nane nitapata nilichokuandikia katika mstari wa kwanza wa barua yangu ya kwanza. Sihitaji kusema uongo wowote. Kunyamaza tu, na kunyamaza ndicho kitu ninachokiweza.

Niambie nifanye nini. Mpaka unijibu sitasema.

Mwanahawa

*

Mtwara,
23 Juni 1972

Mwanahawa,

Salamu nyingine baadaye. Barua yako imefika leo Ijumaa saa saba, saa nane ninaandika nikiwa nimesimama dobini, na dereva ananingojea nje.

Sema. Kwa Bibi na kwa Mzee Salumu, kabla ya Jumatatu, na tarehe zote.

Mimi sikusema. Nilikuwa na umri wako. Nilipoteza kipini cha pua cha dhahabu cha Bibi, alichoachiwa na mama yake, nilikuwa nimekivaa kwa siri kwenda ngomani. Ikaaminiwa kwamba dada yangu amekiuza. Bibi alimpiga, na tangu siku ile hakumwita tena kumkanda miguu, akaniita mimi. Mwaka haukwisha dada akakubali mume wa ng'ambo ambaye hakumtaka. Nilikanda miguu ile miaka minne. Bibi hajui mpaka leo.

Nitakuja Agosti nikipata likizo, na nitamwambia langu. Wewe usingoje miaka.

Mama yako mdogo

*

Mahurunga,
4 Julai 1972

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, hata paka. Bibi anakuamkia kama kawaida, hajui lolote la kipini, na mimi sitalitaja. Hilo ni lako.

Barua yako iliyoniambia niseme ilifika juzi, tarehe 2. Lori la barua lilivunjika springi likalala njiani wiki nzima. Kwa hiyo nilipolisoma neno lako, nilikuwa nimekwisha kusema. Nakueleza yote, halafu nitakueleza jambo moja ambalo si la watu.

Jumamosi tarehe 24, alasiri, tulikuwa tunatwanga mimi na Somoe, kinu kimoja michi miwili. Alikuwa anatutwangia wa kutosha mwezi mzima, nadhani, ili Bibi asipate taabu akishaondoka. Tukapumzika. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Yule uliyemzika nyuma ya banda alikuwa rangi gani? Sikumwona vizuri."

Nikauegemeza mchi kwenye kinu.

"Uliniona?"

"Nilikuwa na siku tatu tu hapa. Sikujua choo kilipo, nikazungukia huko."

"Mbona hukusema? Wanakusema wewe miezi yote hii."

"Ningemwambia nani?" akasema. "Mgeni anamsingizia mwenye nyumba. Wangenitoa siku ile ile."

"Na sasa?"

Alichota mchele akaupuliza pumba. "Sasa naondoka. Wewe usimwambie Bibi. Atakukasirikia, na mimi sitakuwepo wa kumkanda. Miguu ile ukiminya chini ya kifundo anaumia, anza juu." Akanionyesha kwenye mguu wake mwenyewe. Kisha akanyanyua mchi, na mimi nikanyanyua wangu, tukaendelea kupokezana.

Jumatatu lori lilifika saa tatu. Watu wengi walikuwa barazani, Mzee Salumu na karatasi yake, Bi Asha mbele kabisa. Somoe alikuwa amefunga kanga zake, Kiberiti yuko chunguni. Mimi unanijua. Darasani nilikuwa najua jibu na sinyanyui mkono. Nilisimama nikasema kwamba paka mgonjwa nilimleta mimi kutoka bandarini, nikataja tarehe zote nne kwa mpangilio. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Rudia," Mzee Salumu akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo paka wangu umemuua wewe," Bi Asha akasema.

"Ndiyo, Bi Asha."

"Na kumbe ndiyo sababu ya salamu yako ile ya kuinamisha macho kila asubuhi."

"Ndiyo, Bi Asha."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mzee Salumu akaenda kuzungumza na dereva. Akarudi akasema karatasi inasema mkimbizi aliyeleta maradhi, na aliyeleta maradhi si mkimbizi, kwa hiyo karatasi haina mtu. Somoe ataandikishwa kama mtu wa nyumba ya Bibi. Lori likaondoka na wengine. Mimi nimepewa adhabu ya kutega panya katika nyumba zote tisa mpaka masika, na kila mtoto wa Bi Kizee atakayezaliwa aanze kwa Bi Asha. Nimekwisha kukamata panya thelathini na mmoja.

Bibi hakunipiga. Hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu nikimpelekea maji ya kunawa, akasema, "Ungeniambia, ningemtafutia maziwa." Afadhali angenipiga.

Tangu hapo watu wananisifu. Mzee Salumu alinitaja katika mkutano wa Chama, msichana aliyesema ukweli mbele ya lori. Mwalimu amenipa salamu. Wewe nawe ukisoma mpaka hapa utasema unajivunia mimi, nilisema hata kabla hujaniagiza. Ndiyo maana lazima nikuandikie hili lililobaki.

Pale kinuni, Somoe aliponionyesha pa kuanzia kwenye mguu, sikuona huruma, wala aibu. Nilikasirika kuliko siku zote. Alikuwa amekwisha kupata macho ya Mama Mkubwa na mikono myepesi na Karani wangu, na sasa alikuwa anaondoka na kosa langu pia. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Siku moja Bibi angejua, maana mambo kama haya hayakai chini, na angejua kwamba Somoe alijua na alinyamaza kwa ajili yangu. Angelia kwa ajili yake mpaka mwisho wa maisha yake, na mimi ningekuwa hapo karibu nikikanda miguu. Mtu aliyeko kambini, mwema namna ile, nisingemshinda kamwe. Aliyeko hapa nyumbani, anayeunguza wali na kukoroma, labda.

Basi nikasema. Sikusema kwa sababu ni haki, wala kwa kumhurumia. Nilisema ili asiwe mwema peke yake.

Tena Somoe sasa ananipenda. Amemleta Karani mwenyewe kwenye mkeka wangu. Jana Bibi alimwita mke mwenzake, nikasimama tena, nikaenda tena mtungini.

Mama Mdogo, Bibi asilijue hili. Baba Mdogo asilijue, hata kwa mzaha. Zaidi ya wote Somoe asilijue, kwa sababu atanisamehe. Ukimaliza kusoma tia barua hii kwenye moto wa kuchemshia mashuka. Na ukija Agosti, nakuomba unitazame kama wanavyonitazama wao.

Mwanao,
Mwanahawa